Vidole vya Kufulia

Mashine ya alama za vidole ilimkataa binti mara nne. Mara ya tano karani wa uandikishaji alimshika kiganja, akazitazama ncha za vidole, akaguna.

"Dada, vidole laini kama mgongo wa kijiko. Unafanya kazi gani?"

"Nafua mashuka ya nyumba ya wageni. Mimi na mama."

"Basi sabuni imekula alama zote. Pumzisha mikono, paka mafuta, urudi. Ila Jumamosi saa kumi jioni tunafunga daftari la wapiga kura. Ukichelewa, uchaguzi huu utauchungulia dirishani."

Siku hiyo ilikuwa Jumatano. Mama yake, aliyemsindikiza, alimvuta pembeni. "Nimwite mwenzako yule mshonaji? Vidole vyake vizima. Aweke chake badala ya chako, nani ataona?"

"Mama, kura ikianza kwa wizi, itaishia wapi?"

Mama akageuka kuelekea nyumbani. Ni yeye aliyemkataza mtoto huyu kuchukua hata sindano ya mtu, na sasa maneno yake yamemrudia kama mtoto aliyetumwa dukani.

Njiani mama alijaribu hoja nyingine. "Mimi nimepiga kura miaka yote, mwanangu. Bomba la maji tuliloahidiwa liko wapi? Bado tunavuka barabara na ndoo."

"Ulikwenda peke yako, mama. Vijana wa mtaa huu hakwenda hata mmoja. Nani atatuogopa?"

Jioni binti alipokunja mikono ya gauni, alikuta beseni limeshakaliwa.

"Kaa mbali na maji," mama alisema bila kugeuka. "Chukua kopo la mafuta."

"Mashuka arobaini, mama?"

"Nilifua nikiwa na mimba yako. Paka mafuta."

Siku tatu mama alifua peke yake. Alipoinama kusali, mgongo ulilia kama kitanda kibovu, naye akamwomba Mungu alama za vidole, ombi ambalo hakuwahi kulisikia popote. Jirani alipita akacheka: "Leo binti ni bibi harusi, hashiki maji?"

"Anaolewa na nchi," mama akajibu, na beseni likaendelea.

Binti naye hakukaa bure. Mikono ikiwa imefungwa vitambaa, alizunguka nyumba kwa nyumba akiwaamsha wenzake wakajiandikishe. Jumamosi walifika tisa kwenye foleni, na yule mshonaji alikuwa wa kwanza.

Saa tisa na nusu ikafika zamu ya binti, mama akiwa kando yake. Aliweka kidole gumba. Mashine ikafikiri. Ikakataa. Akakifuta kwenye gauni, akakipulizia pumzi ya moto, akakiweka tena taratibu. Taa ya kijani ikawaka.

"Imekubali," karani alisema, akatabasamu. "Kilinde hicho. Siku ya kura mashine itakuuliza tena. Na wewe mama, usijidanganye, umo daftarini lakini nawe itakuuliza vilevile."

Mama akatazama vidole vyake, vilivyolainika kuliko vya binti siku ile ya kwanza.

Jioni, binti aliketi chini mbele ya mama, akakivuta kiganja chake, akaanza kukipaka mafuta kidole kimoja kimoja.

"Na mashuka nani atafua?" mama aliuliza.

"Zamu kwa zamu. Na siku tatu za mwisho kabla ya kura, mwenye nyumba ya wageni atatandika yaliyopo."