Dawa Iliyofanya Kazi

Mke wa mchoma taka alikuwa ameanza kuketi. Fangasi waliomwingia ubongoni walimfanya asimtambue hata mumewe, lakini tangu hospitali ianze kumjaribia ile dawa mpya ya maji, alikuwa amerudi kuwa yeye. Jana alimwambia mumewe shati lake linanuka kama beberu. Mwanamume wa watu alitoka wodini akicheka peke yake.

Leo msimamizi wa utafiti wa dawa hiyo, kijana wa viatu vinavyong'aa, alimletea maboksi hadi kwenye tanuri la taka la hospitali.

"Choma yote, mzee. Nipo hapa nashuhudia."

Mchoma taka alichungulia. Chupa zile zile, zimejaa, hazijaguswa.

"Bosi, hii si ndiyo ya mama watoto? Hajamaliza dozi."

"Utafiti umefungwa. Majibu tumeshapata."

"Kwani haifanyi kazi?"

"Inafanya kazi vizuri mno! Wenye kampuni wamefurahi ajabu. Sasa wanaipeleka sokoni, kwa wanunuzi."

"Na sisi huku?"

"Mtaipata, Mungu akijalia. Kwa sasa arudi kwenye ile ya zamani."

"Ya zamani haipo. Famasi wanasema mpaka waagize."

"Hilo waulize hospitali. Mimi ni wa utafiti." Akatazama saa. "Inayobaki inachomwa, ndio utaratibu. Kama kazi imekushinda, pale getini wamejaa wanaoitafuta."

Mchoma taka aliinama akabeba boksi la kwanza. Watu gani hawa, wanaomrudisha mtu duniani ili wapate majibu yao, kisha wanamwacha njiani? Akayatupa maboksi motoni, moja baada ya jingine. Kijana alipogeuka kukohoa moshi, akadumbukiza chupa moja ndani ya buti lake.

"Vua buti, mzee," kijana alisema alipogeuka tena, macho kwenye buti lililotuna.

Alivua. Soksi ilikuwa imetoboka, kidole gumba kiko nje. Kijana hakuishika ile chupa. Alinyoosha kidole tu kuelekea tanuri. Ikabidi mume aitupe mwenyewe, kwa mkono wake, akaisikia ikipasuka.

Alinawa, masizi yakakataa kutoka, akaenda wodini hivyo hivyo. Mkewe alikuwa ameketi kitandani, nywele kazichana vizuri.

"Nesi leo kapita kitanda changu kama hanioni," alisema. "Nikajua tu dawa yangu kakupa wewe uniletee, basi tu kunifurahisha."

Akafumba macho, akafungua mdomo, akangoja.