Asidi Aliyokunywa Paka

Mume wangu anaitwa Kijana. Jina hilo alipewa na fundi aliyemfundisha kushona, enzi hizo akiwa kijana kweli, na wateja wakalishika. Leo ana vitukuu, meno ya mbele yamebaki ya kuhesabika, na bado watu wakipita barazani wanauliza, "Kijana yupo?" Nami najibu yupo.

Cherehani chake ni cha miguu. Amekiweka barazani penye mwanga na kutwa nzima anakanyaga. Siku moja aliinuka haraka kumpokea mteja, akajigonga ugoko kwenye chuma cha pale chini. Ngozi ikachanika. Akafunga kitambaa, akaendelea na kazi yake, na kidonda nacho kikaendelea na kazi yake.

Kilikataa kufunga. Kikikauka pembeni, katikati kinalowa. Mguu ukavimba, kukanyaga kukawa hakuwezekani, na fundi wa cherehani cha miguu asiyeweza kukanyaga ni mtu wa kushona vifungo tu. Alikuwa anakaa kwenye kiti na sindano yake ya mkono, anakitazama kile cherehani kama mtu anayemtazama rafiki aliyenuniana naye. Sikupenda kumwona hivyo.

Zahanati tulimpata muuguzi mmoja, binti wa rika la wajukuu zetu. Nilimpenda kwa jambo dogo. Kitambaa kilikuwa kimegandia kidonda; wengine huvuta tu, mgonjwa apige kelele yaishe. Yeye alichemsha maji, akayapooza, akawa anamimina kidogo kidogo huku anapiga soga, mpaka kitambaa kikajiachia chenyewe.

"Babu, unakula nini siku hizi?" akauliza.

"Kabichi."

"Na nini?"

"Na chai."

Mimi nikaguna. Ilibidi nieleze. Huko nyuma daktari alimwambia apunguze mafuta kwa ajili ya moyo. Sasa Kijana hajui kupunguza. Kwake yeye nguo imeshonwa au haijashonwa. Alifuta mafuta yote. Kabichi ikawa ya kuchemsha. Nyama, hapana. Hata nikitaka kumpaka miguu iliyopasuka ananikatalia, eti mafuta ni mafuta. Nilipomuuliza mbona cherehani anakipa, alinijibu, "Cherehani hakina moyo wa kuziba."

Muuguzi alicheka, lakini hakumcheka yeye. "Babu, daktari alisema upunguze, hakusema uyakate kabisa. Mwili umejengwa kwa chembe ndogo ndogo, na kila chembe ina ngozi yake nyembamba ambayo ndani yake kuna mafuta. Tena kuna vitamini ambazo haziingii vizuri mwilini zisipobebwa na mafuta. Kijiko cha mafuta kwenye mboga hakitakuua. Ila kikubwa unachokosa ni protini. Mayai, maharage, samaki, maziwa. Tumbo linaivunja protini mpaka inakuwa asidi amino, halafu mwili unazichukua hizo asidi unajitengenezea nyama na ngozi mpya."

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Neno asidi lilipotoka, niliuona uso wa mume wangu unajifunga.

Jirani yetu anatengeneza betri za magari, na jina lake ndilo hilohilo, Betri. Ni mtu mwema. Asubuhi huwa anakuja kukitoa cherehani nje bila kuombwa, kwa kuwa anajua mguu wa Kijana hauwezi. Ila suruali zake ni msiba. Zikirukiwa na maji ya betri, ile asidi yenyewe, jioni ni nzima, kesho yake zina matundu kama chujio, na anayeziziba ni Kijana.

Njiani kurudi nyumbani alinishika mkono.

"Umemsikia yule mjukuu? Yai likifika tumboni linageuka asidi. Kasema kwa mdomo wake mwenyewe."

"Kasema asidi amino."

"Amino ni chapa tu, mama. Hata Betri anazo za chapa mbalimbali. Mimi ninajua inachofanya kwenye kitambaa kigumu, sembuse utumbo."

Kuanzia siku hiyo hata maharage aliyokuwa anayaonja mara mojamoja aliyakataa. Nilimweleza kwa upole, akanisikiliza kwa upole, akala kabichi.

Basi nikaona nimsaidie bila kumsumbua. Asubuhi nikawa napiga yai, nalikorogea kwenye uji wa moto na maziwa juu. Mchana nasaga samaki mkavu mpaka awe unga, namtia kwenye mchuzi wa kabichi na kijiko kimoja cha mafuta. Nampelekea barazani, nikirudi bakuli ni jeupe.

"Uji umekuwaje?"

"Mtamu. Mkono wako ni uleule."

Nikawa natembea jikoni najisikia mjanja kuliko watu wote mtaani.

Tuliporudi zahanati nilikuwa nangoja kusifiwa. Muuguzi alifungua kidonda, akakikagua. Akamshika paja kwa juu ya suruali, akaangalia kiuno. Nami nikaangalia. Suruali ilikuwa imebanwa upya kwa uzi mpya. Mume wangu alikuwa amejipunguzia kiuno kimyakimya ili nisione anavyopwaya.

"Babu, unakwisha," muuguzi akasema. "Mwili ukikosa asidi amino kwenye sahani hauachi kuzitafuta. Unafumua misuli yako wenyewe unazitoa humo, uzipeleke panapohitajika zaidi. Paja hili linafumuliwa."

Kijana akanigeukia taratibu, uso wa mtu aliyeshinda kesi. "Umesikia. Asidi inakula paja."

"Siyo inakula, babu. Inatafutwa."

"Ikipatikana je?"

Binti wa watu alivuta pumzi. Hakumkaripia. Alifunga bendeji mpya vizuri, akamwambia, "Mkirudi tena kama hakijaanza kufunga, itabidi niwaandikie mwende hospitali kubwa. Watakata ngozi ya pajani waibandike hapa."

"Wabandike," Kijana akarudia. "Kiraka?"

"Ni kama kiraka."

Njiani kurudi alikuwa anajishikashika paja. Mnapaswa kujua kwamba mume wangu hajawahi kubandika kiraka. Tundu lako analifuma uzi kwa uzi mpaka wewe mwenyewe ulitafute. Na sasa paja lake likatwe lilipe ugoko, na pale lilipokatwa napo pawe kidonda. Aliogopa. Alijilaza mchana, kitu ambacho hafanyi, akageukia ukutani.

Mimi nilikuwa na langu moyoni. Mayai yote yale yameenda wapi?

Jibu nililipata kesho yake. Tuna paka, tunamwita Meneja kwa sababu hafanyi kazi yoyote ila anakagua kila kitu. Siku za karibuni alikuwa amenenepa, manyoya yanang'aa kama kiatu kilichopigwa brashi, na nikimtupia kichwa cha samaki anakinusa tu anapita. Nilidhani amepata nyumba nyingine. Asubuhi hiyo nilipeleka uji, nikasahau kijiko, nikarudi nacho pekupeku. Nikasimama nyuma ya pazia.

Kijana alikuwa ameinama chini ya cherehani, anamimina uji kwenye kifuniko cha kopo la vifungo.

"Kunywa, Meneja," alikuwa ananong'ona. "Wewe una roho saba, mimi ninayo moja na nina familia. Umalize haraka, mama asije akaumia roho. Amehangaika sana na uji huu."

Nilirudi jikoni. Ukweli nilitaka kukasirika, nikashindwa. Alikuwa anajua tangu siku ya kwanza, na kila siku alinisifia mkono. Nikakaa kwenye kigoda nikacheka mpaka machozi, mdomo nimeuziba kwa kanga.

Kisha nikakumbuka sikio.

Meneja alikuwa amepigana na paka wa duka la nyama, karibu na siku zilezile Kijana alipojigonga. Sikio lilichanwa vibaya, likawa linaning'inia vipande viwili. Meneja aliporudi ndani, nilimfuata chini ya meza, nikamwangalia, nikambeba hadi barazani nikamweka kwenye mapaja ya mume wangu.

"Fundi, nimekuletea kazi. Hebu vaa miwani uniangalizie mshono huu."

"Mshono gani?"

"Wa sikio."

Akavaa miwani. Alipitisha kidole kwenye sikio, akaligeuza ndani nje kama kola ya shati. Kazi ikiwa nzuri hawezi kuificha, hata ikiwa ya mwingine.

"Mshono safi," akasema. "Hata hauonekani. Nani kaushona?"

"Sijui. Paka huyu anakula nini?"

Meneja akapiga mwayo.

"Maana mimi ninayempa uji wenye yai ni wewe," nikasema. "Na bakuli linarudi jeupe."

Kijana akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Ameinywa asidi yote," akasema polepole. "Yai, samaki, yote. Nilikuwa nangoja atoboke."

"Ametoboka?"

"Amenona."

"Basi nawe unangoja nini? Kiraka?"

Alilishika lile sikio tena. "Lakini mbona inaitwa asidi?"

"Wewe unaitwa nani?"

"Kijana."

"Na wewe ni kijana?"

Mabega yalianza kumtikisika kwa kicheko, na nikajua tumemaliza.

Nikamweleza kwa lugha yake, kadiri nilivyomwelewa yule binti. Mteja akileta gauni kuukuu la mama yake, humvishi mtoto jinsi lilivyo. Unalifumua, unapata vipande, vipande vilevile unavishona upya kwa kipimo cha mtoto. Tumbo linalifumua yai. Asidi amino ndivyo hivyo vipande. Ukikaa bila kupeleka kitambaa, mwili unafumua suruali uliyovaa.

"Kumbe fundi mwenzangu," alisema, akiligusa tumbo lake.

Yai la kwanza alilila kama mtu anayevuka mto asioujua. Alilinusa, akalikata, akangoja. La pili hakulingoja. Mafuta nilitia kijiko kimoja kwenye maharage, na alipotaka kuuliza nikamwambia nimepunguza, sijafuta. Akaniruhusu hata kumpaka miguu.

Sitasema kilipona upesi. Ngozi ya mzee haina haraka. Lakini tuliporudi zahanati, muuguzi alifungua bendeji na pembeni palikuwa na mstari wa waridi unaoingia ndani, kila upande. Ile karatasi ya hospitali kubwa hakuiandika. Akauliza kimetokea nini.

"Paka," mume wangu akajibu, na hakueleza zaidi. Siku nyingine alipofuata dawa alimwomba yule binti koti lake la kazi, akamrudishia kola imefumwa upya. Alikuwa ameona imechakaa wakati binti yule ameinama kumsafisha.

Sasa cherehani kinalia tena barazani. Uji wa asubuhi anaumaliza mwenyewe, na Meneja anakaa miguuni pake ananitazama mimi, kana kwamba nimemfukuza kazi. Siwezi kumnyima; yai likipigwa, kidogo huwa kinamwangukia.

Juzi Betri alikuja jikoni kwangu, anazungukazunguka, mkononi ana suruali yenye matundu. Akashusha sauti.

"Shemeji, samahani. Mzee yuko sawa?"

"Yuko sawa. Kwani vipi?"

"Ameniona nimekonda, akaniambia nipunguze mawazo nile asidi. Asubuhi na jioni."

Nilimtazama yule mtu mwema, na uso wake ulijaa wasiwasi.

"Ni kweli," nikamwambia, huku nachukua mayai. "Ila siyo ile ya dukani kwako. Kaa hapo nikuchemshie mbili."