Bendera ya Saba

Mimi ni fundi cherehani, na mdomo wangu una makali kuliko mkasi wangu. Hilo hata wateja wanalijua. Bendera zote kumi na mbili za mbio zetu za ramani nimezishona mimi. Lakini anayeamua zisimame wapi msituni ni kaka yangu, mpima ardhi mstaafu, ambaye mtaa mzima unamwita Dira. Ramani yenyewe aliichora yeye, tena kwa kutembea. Wakimbiaji hupewa hiyo ramani, kisha kila mtu na akili zake, atafute bendera moja baada ya nyingine.

Kazi yangu ni kumkagua. Siku moja kabla ya mbio nazunguka peke yangu na ramani, nahakikisha kila bendera ipo pale ilipochorwa. Na Dira, kwa utundu wake, kila mwaka huweka moja mahali pasipo pake makusudi, aone kama nimelala. Sijawahi kulala. Nikiigundua, nairudisha, halafu naanza kumsema tangu getini kwake, naye anacheka mpaka anakohoa.

Mwaka huu alipata kiharusi. Mkono wa kulia ukalegea, na maneno mengine yakawa yanamponyoka. Mfamasia wa mtaani, mwenyekiti wa mbio zetu, alimwomba kwa upole apumzike, kazi apewe mtu mwingine. Dira akakataa katakata. Tangu afiwe na mkewe hana kingine kinachomtoa kitandani. Wakakubaliana kwamba fomu yangu ya ukaguzi ndiyo itakayoamua: ule mtego wake wa kila mwaka hauhesabiwi, lakini likitokea kosa la kweli hata moja, anaachia.

Nilitoka Ijumaa mchana. Bendera tatu za kwanza zilikuwa sawa. Ya nne niliiona kwa mbali penye mtaro, nikatia tiki bila hata kusogea, mawazo yote yakiwa kwenye ule mkono wake. Ya saba sikuikuta kwenye kisiki. Ilikuwa hatua arobaini mbele, juu ya mwamba. Ni utundu, au ni ugonjwa? Nikimsema, kumbe ni ugonjwa, nitakuwa nimemmaliza. Nikaichukua, nikaipeleka kwenye kisiki, nikafuta machozi kwa kiganja, nikamalizia zilizobaki.

Nilimkuta mezani, ramani mbele yake. Akaniuliza nimekuta kasoro gani. Nikamjibu hakuna, nikajitia kutafuta miwani kwenye mkoba ili nisimtazame.

"Umeanza kunihurumia, mdogo wangu," akasema.

Hapo uvumilivu ukanishinda. Nikamwaga yote: kwamba ya saba nimeikuta juu ya mwamba, nimeihamisha kimyakimya, na kama huo ndio mzaha wake wa mwaka huu, basi haukunichekesha hata chembe. Nilitegemea acheke. Hakucheka. Alipeleka kidole polepole juu ya ramani, kutoka kwenye mtaro mpaka kwenye kisiki.

"Mtego wangu ulikuwa ya nne," akasema. "Ya saba niliiweka sawa. Nina hakika niliiweka sawa."

Mimi na mdomo wangu wote, nikamsihi tunyamaze. Tutairekebisha ya nne, mfamasia hatajua lolote. Akatikisa kichwa, akanisogezea fomu, akaniambia niandike: ya nne, mkaguzi hakuona; ya saba, kosa la mpanga bendera. Niliandika. Akasaini kwa mkono wa kushoto, herufi zikienda upande.

Kisha akaikunja ramani, akaniwekea mapajani.

"Mwaka kesho utapanga wewe," akasema. "Mimi nitakukagua. Na usinihurumie."

Nililia, wala sioni haya kusema. Alisubiri nimalize, akachukua fimbo yake, tukaondoka kuirudisha ya nne mahali pake kabla giza halijaingia. Njiani nikamwambia ajiandae, maana nitamtegea tatu. Akacheka mpaka akakohoa.