Amana Kwenye Kompyuta ya Dawa

Kompyuta ya kituo cha dawa cha akina mama, pale Quitunda, ilinunuliwa kwa kazi moja: kukumbuka nani anakunywa dawa gani. Wapo wa kifua kikuu, wapo wa presha, wapo wa sukari. Wengi kadi zao ziliungua au zilipotea walipokimbia vita, na wengine wamekimbia zaidi ya mara moja. Mtu akifika dirishani hutaja jina lake, Haula, anayeitunza kompyuta, hubonyeza, kisha humwambia muuguzi Ancha kipimo cha mtu yule. Basi, mgonjwa anapewa dawa yake anakwenda.

Kazi ya pili kompyuta ile ilipewa na watu wenyewe. Simu ikijaa au ikianza kufa, walimletea Haula. "Niwekee amana, mama." Kulikuwa na harusi humo, na nyumba za zamani kabla watu hawajahamishwa kupisha mradi wa gesi, na sauti ya babu wa mtu akisoma maulidi. Haula hakumkatalia mtu. Naye alikuwa na chake: video za mwanawe Muzamil, zilizotolewa kwenye simu ambayo sasa haiwaki tena. Muzamil alikufa kwa homa porini, walipokuwa wakikimbia kutoka Palma. Picha nyingine yake haikubaki. Watu bado wanamwita Mama Muzamil naye anaitika, lakini ndani yake palikuwa kama mkono ulioingia ganzi. Unauona ni wako, ila hausikii kitu.

Asubuhi moja Zacarias, fundi wa kompyuta aliyeko mji wa Pemba, makao makuu ya jimbo, akapiga simu, akamwamkia kwa Kireno.

"Bom dia, Dona Haula. Nakala za akiba hazinifikii tangu kabla ya Ramadhani."

"Mbona kila jioni naiona inazunguka?"

"Inazunguka, halafu inakata roho. Hebu nisomee ilichoandika pale chini."

Haula akasoma Kireno kile polepole. Nafasi haitoshi.

Zacarias akamweleza kwa upole, wala hakumfanya mjinga. Kila jioni kompyuta huandaa nakala ya wagonjwa wote ndani ya diski yake yenyewe, na ikimaliza ndipo huituma Pemba kwa mtandao. Diski imejaa, kwa hiyo nakala inafika katikati inakwama, na kipande kilichokwama kinabaki humo humo kikila nafasi. Wakavifuta vile vipande pamoja, yeye akielekeza, Haula akibonyeza. Bado haikutosha.

"Kuna folda naiona inaitwa Amana. Imemeza nusu ya diski. Ni dawa gani hizo?"

"Si dawa. Kubwa humo ni harusi ya mzee Mussagy."

Zacarias akacheka mpaka simu ikakwaruza. "Alioa sultani?"

"Ngoma zilikesha siku tatu. Zote zimo."

"Basi tufute, Dona."

"Ni amana ya mtu, fundi."

Zacarias hakubishana. "Haya, tafuta flashi uzihamishie huko. Lakini fanya upesi. Hiyo tik-tik ninayoisikia ni diski?"

"Ndiyo. Imeanza juzijuzi."

"Inakufa hiyo. Ikizimwa leo, huenda isiwake tena."

Umeme wa nguzo ulikuwa umekatika, na mafuta ya jenereta hayakuwa ya kuvuka alasiri. Ancha aliyasikia yote. Aliacha chai yake mezani, akapanda pikipiki mpaka sokoni Palma, akarudi na flashi mpya ndani ya karatasi yake, vumbi limemjaa mpaka kwenye kope.

Haula akaanza na folda yake mwenyewe. Flashi ile hakuijua, na kitu cha kujaribia hakiwezi kuwa amana ya mtu, ndivyo alivyolelewa. Akaziona video zikihama moja baada ya nyingine. Zilipokwisha akazifuta kwenye kompyuta, akamwaga na pipa la taka. Kisha akaifungua flashi ili atazame kidogo.

Majina yalikuwepo yote. Akabonyeza la kwanza, giza. Akabonyeza la pili, giza. Akaenda hivyo hivyo mpaka la mwisho.

Mzee Mussagy alikuwa amefika kuchukua dawa yake ya presha. Huyu ni mfanyabiashara, wazee wake walitokea Mtwara, na bidhaa za njia ile anazijua. Akaigeuza flashi kiganjani.

"Za uongo hizi, mwanangu. Juu wameandika kubwa, ndani hamna kitu. Ulikuwa umeweka harusi yangu?"

"Hapana. Muzamil."

Mussagy akakaa chini.

Zacarias alipoambiwa, simu ikiwa kwenye spika, sauti yake ilibadilika. "Usiguse kitu. Sikiliza, Dona. Kufuta si kuondoa. Kompyuta imeondoa jina mlangoni tu. Aliyemo ndani bado yumo, mpaka aje mwingine apewe chumba kile. Ukiizima sasa hivi, mimi nikaja na diski nyingine njia ikiruhusu, pengine nitamtoa."

"Na nakala ya wagonjwa?"

"Nafasi sasa ipo, itapita. Lakini itaandika juu yake."

"Futa harusi yangu!" Mussagy akasema kwa nguvu. "Iandike humo. Bibi harusi mwenyewe ninaye nyumbani, ananigombeza kila siku. Video ya nini?"

"Haisaidii, mzee," Zacarias akajibu. "Kompyuta inachagua yenyewe pa kuandika. Sisi hatuichagulii."

Haula akatazama nje ya dirisha. Kwenye benchi alikuwa Sumaia, mwenye kifua kikuu, mtandio mdomoni, dawa zake zimefika nusu. Kadi hana. Diski isipowaka, hakuna atakayejua amefikia wapi, na dawa zile zikivurugwa huwa haziponyi tena. Nyuma yake benchi lilikuwa limejaa, na wengine wamechuchumaa kivulini. Haula alingoja moyo wake useme neno. Haukusema.

"Dona," Zacarias akasema taratibu, "naweza kubonyeza mimi kutoka huku. Usiwe mkono wako."

Wema ule Haula aliusikia vizuri. Ni wa mtu ambaye hawajaonana naye hata mara moja.

"Ahsante, fundi. Nitabonyeza mwenyewe."

Akabonyeza.

Mstari wa kijani ukaanza kusogea. Diski iligonga, ikanyamaza, ikagonga tena. Ancha alisimama nyuma yake, amemwekea mkono begani, na hakuuondoa. Mstari ukajaa. Muda ukapita, kisha sauti ya Zacarias ikatoka: "Imefika. Nimeifungua. Watu wote wamo." Hakusema hongera. Alisema atakuja na diski mpya, na kwamba amana za watu atazihamisha yeye mwenyewe kabla ya kugusa kitu kingine.

Haula akaitikia. Alitaka kuita mgonjwa wa kwanza, akakuta jina halimtoki.

Mussagy hakuwa ameinuka. "Mama Muzamil, alikuwa akifanya nini humo?"

"Wapi?"

"Kwenye video. Mimi sikuwahi kuiona."

Haula akaanza kusimulia kwa sauti ile ile anayosomea vipimo. Amekaa juu ya kinu kilicholazwa. Ameshika mpini wa jembe kama usukani. Anaita abiria wa Palma, anawaambia pikipiki yake haili mafuta, inakula mhogo. Kuku anapita, anampakia nyuma, kuku anaruka. Anamgombeza kuku kwamba hajalipa.

Benchini watu walikuwa wamegeukia dirishani. Sumaia alikuwa ameshusha mtandio, akakumbuka ugonjwa wake, akaupandisha.

"Na honi?" Mussagy akauliza. "Honi aliipigaje?"

Haula akafikiri. Kisha akabana midomo, akaipiga, fupi mara mbili na moja ndefu. Akairudia, kwa kuwa ile ya kwanza haikuwa sawasawa. Ancha alikuwa na sahani ya vidonge mkononi, na hakumwita mtu.