Nyoka wa Bulonza

Ulimi hauna mfupa. Bulonza, fundi cherehani wa mtaa wa Kasha, alinyoosha kila mfupa wa mgongo wake, na huo ulimi usio na mfupa ndio uliomponza.

Miaka minane alishona katika duka la Mhindi mmoja huko mjini. Kila asubuhi, kabla ya kufungua, tajiri alitandika ngozi ya kondoo, wakakaa wawili, miguu imekunjwa, mgongo wima. Wakapumua polepole, kisha haraka kwa tumbo, kama mivukuto ya mhunzi. Mgongo wa Bulonza uliopindwa na cherehani ukanyooka, hasira zake zikapoa. Hiyo ni yoga ya Kundalini, Mhindi alimwambia: nguvu ya mtu imelala chini ya uti wa mgongo, imejikunja kama nyoka, na pumzi huiamsha ipande hadi utosini. Serikali ilipogawa maduka ya wageni kwa wananchi, Mhindi akaenda zake, akamwachia ile ngozi na cherehani moja.

Siku ya ubatizo wa mtoto wa dada yake, pombe ya ndizi ikizunguka, shemeji yake Mushagalusa alimchokoza.

"Shemeji, kila asubuhi uko nafunga macho kama kuku mugonjwa. Iko nini mu ule mugongo?"

"Iko nyoka," Bulonza akajibu kwa kiburi. "Siku itaamuka, hamutaniweza."

Watu walicheka. Wiki mbili baadaye mama yake Bulonza, Adélaïde, akaugua kifua, na kicheko kikakoma. Nani Kasha hakujua habari za watu wanaofuga nyoka ili watajirike, wakamlisha ndugu zao, wakianza na aliyewazaa? Na Bulonza si alikuwa sasa na cherehani yake mwenyewe?

Mama alilazwa kwa Apolline, dada mkubwa wa Bulonza, mke wa Mushagalusa. Bulonza alipofika, Apolline alisimama mlangoni.

"Usiingie."

"Yaya," Bulonza akamsihi dada yake, "ni mama yangu."

"Na ule nyoka wako, yeye anamuita nani?"

Alieleza. Kila alivyoeleza ndivyo ndugu na majirani waliojaa uani walivyorudi nyuma. Akakimbia kwake, akaleta ngozi ya kondoo, akaichoma uani mbele ya wote.

Mushagalusa akatema mate. "Umeunguza kitanda cha nyoka. Nyoka mwenyewe iko wapi?"

Bulonza akampita. Alizunguka nyuma ya nyumba, akakaa chini, akaegemea ukuta wa mbao. Kitanda cha mama kilikuwa upande wa pili. Alimsikia akihema harakaharaka, pumzi fupi zisizofika popote. Akafumba macho, akaanza kupumua kwa sauti, ndefu, ili asikike.

Ndani, sauti nyembamba ikasema, "Mumuambie Bulonza aende polepole. Siwezi kumufuata."

Machozi yakamtoka. Akapunguza. Akavuta, mama akavuta. Akashusha, mama akashusha. Kule kuhema kukatulia, na kwa muda mrefu, mchana ule wa mawingu, mbao zilitenganisha migongo miwili, lakini pumzi ilikuwa moja.

Kisha akavuta, akangoja pumzi ya mama imjibu. Akashusha, akangoja tena. Hakuthubutu kuacha. Mvua ilianza kumpiga magotini, naye akaendelea kuvuta na kushusha, hadi Apolline alipokuja, akachuchumaa matopeni, akamwekea mkono kifuani.

"Acha sasa, mudogo wangu," alisema. "Ingia."