Hakuna Maskini Marrowby

Kila Jumanne, Nzigire akishamwogesha Bi Winifred na kumpa chai, kijiji cha Marrowby kiliota juu ya zulia. Kilimfika magotini: kanisa la mawe, baa, bwawa la bata. Ilikuwa mtaa wa Black Rock, mjini Buffalo, Marekani, mwaka 2016, na Nzigire, mwenye mimba ya miezi minane, alifagia kandokando asije akawajazia wanakijiji vumbi.

Bi Winifred alizaliwa huko Marrowby, Uingereza, na sifa za kwao hazikumwisha mdomoni. Watu wastaarabu, mashindano ya maua, miaka mia nane ya amani. "Na hakuna maskini aliyewahi kufa kijijini kwetu," alisema. Ilikuwa kweli. Maskini akianza kukata roho, alibebwa hadi ng'ambo ya kijito, akafie parokia alikozaliwa, maana ndiyo iliyopaswa kumgharamia. Mwanamke fukara aliyeshikwa na uchungu naye alivushwa vivyo hivyo, mtoto asije akazaliwa hapo na kuwa mzigo wao. Bi kizee alieleza hayo huku akichovya biskuti.

Jumanne moja konstebo wa kijiji, kimo cha kijiko, alitoka na daftari. Alilitazama tumbo la Nzigire, akavua kofia. "Parokia yako ni ipi, mama?"

Tangu afike Marekani hakuna aliyewahi kumuuliza hivyo. Kwao Kivu ndivyo Wakatoliki wanavyotafutana undugu: ukitaja parokia, unapewa kiti. Furaha ikamjaa.

"Miye niko wa Burhale, papa! Na weye?"

Konstebo aliandika Burhale, akapiga muhuri, akarudi zake.

Alhamisi Nzigire aliamka tumbo likiwa bapa. Hospitalini muuguzi alimpima, akaandika kwamba mtoto amehamishwa, akamwita mgonjwa mwingine. Adhuhuri simu ililia. Ni mama yake, aliyebaki Burhale.

"Mutoto alifika. Bon, ni binti. Balimuleta na kagari ka farasi, kadogo tu. Analiya njala. Donc, utakuya lini?"

Nzigire alilia mpaka sauti ikamkauka. Ofisi ya uhamiaji ilimwambia maombi ya kumleta mtoto yangechukua miaka, kwa kuwa mtoto amezaliwa nje.

Jumanne alirudi kazini. Kijiji kikaota, konstebo akamwinulia kofia.

"Nauli ya mtoto walilipa wao," alisema Bi Winifred. "Siku zote tumekuwa waungwana."

Nzigire akammiminia chai. Maziwa ya mwanawe yalikuwa yamemlowesha sare kifuani. Bi Winifred akamwomba, kwa upole kabisa, akabadilishe, maana Marrowby walikuwa wanatazama. Akaenda akabadilisha.