Maotea ya Kunde

Nilipanda mchicha, zikaota kunde. Kosa ni la mtani wangu Ignasi. Nilipokwenda Iringa msibani nilimwachia kunde zangu azichume zikikauka, yeye akangoja hadi Jumapili baada ya misa. Jua likapasua maganda, punje zikarukia bustani yangu yote huku bondeni nyuma ya Mchikichini, na nyingine zikaingia kwa jirani yangu Beno. Sasa maotea, kunde zilizojiotea zenyewe, yamejaa, na kuyang'oa siwezi, maana yanatoka na mchicha mchanga. Ni kuyakata kwa kisu, moja moja.

Bi Moza, mama ntilie wa Kariakoo anayenunua mchicha wangu wote, alikuja bustanini, akachambua fungu moja, akakunja uso.

"Angelina, jani la kunde halijaiva, mchicha ushakuwa uji. Nakupa wiki tatu. Usipolisafisha tuta hili, nanunua kwa Beno."

Nilishikwa na hofu kweli. Mteja mwingine sina.

Ignasi ni Mngoni, mimi Mhehe. Kwa kuwa ni watani, nilimtukana nilivyotaka, naye akacheka tu. Nikampa adhabu ya kuja kukata kila Jumamosi. Alikuja na kisu chake, akakata taratibu huku akipiga soga na kuisifia chai yangu. Tangu binti yangu aolewe Mbagala sikuwa na wa kunywa naye chai.

Jumamosi iliyofuata kila shina lilikuwa limechipua vichwa viwili.

"Kunde za Kihehe hizi," akasema Ignasi. "Ubishi mtupu."

Jumamosi ya tatu, kabla hajafika, nikachungulia kwa Beno. Tuta lake safi!

"Umefanyaje?"

"Si mtani wako alinionyesha? Unakata chini kabisa, karibu na udongo, chini ya kifundo cha kwanza. Ukikata juu yake, zinachipua tena."

"Alikuonyesha lini?"

"Siku ile ya kwanza, alipotoka kwako."

Hasira zikanipanda. Kisha zikashuka zenyewe, nikajikuta natabasamu peke yangu kama mjinga. Nikachukua kisu, nikakata tuta zima chini ya kifundo. Bi Moza hatakuwa na la kusema. Nikabakiza mstari mmoja pembeni, huo nikaukata juu, kisha nikabandika chai.

Ignasi alifika, akatazama tuta, akatazama pembeni.

"Mstari huu umekosea kuukata."

"Huo ni wa Jumamosi ijayo," nikamjibu. "Kaa unywe chai."